Mkasi Hutangulia Kalamu



Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka 1 wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Katika mwaka huo vidole vya mtoto huandaliwa kushika kalamu, na mkasi huvipa nguvu na utulivu.

Mtoto aanze kwa kuchana karatasi kwa mikono. Kisha akate vipande vyembamba, kila kimoja kwa kufumba mkasi mara moja. Baadaye afuate mstari ulionyooka, na mwisho mviringo. Kidole gumba kikae juu. Mkono wa pili uzungushe karatasi. Atumiaye mkono wa kushoto asilazimishwe kutumia wa kulia.

Majira ya Singida yatoe kazi. Mvua zinapoanza, watoto wakate matone. Alizeti zinapochanua, wakate petali kutoka magazeti ya zamani na kuzipaka rangi ya manjano.

Wembe usishike nafasi ya mkasi. Mikasi butu ikiwa michache, watoto wapokezane, na wanaosubiri waendelee kuchana. Uhaba wa vifaa usigharimu vidole vinavyoandaliwa kuandika.