Jalada Jipya la "Kasri ya Mwinyi Fuad"

Mazungumzo yetu ya leo yanatoka Maskati, nayo yanahusu jalada la kitabu.

Riwaya ya Adam Shafi, "Kasri ya Mwinyi Fuad", ilitolewa mwaka 1978 na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Ni kisa cha bwana mwenye mashamba Unguja, watumishi wake, na Mapinduzi ya Januari 1964 yaliyomng'oa. Sasa tuseme mchoraji amepewa kazi ya kuivisha riwaya hiyo jalada jipya, ili ipate wasomaji hapa Oman. Achore nini?

Suala hili si jepesi. Mjini humu wamo watu ambao wazee wao waliihama Zanzibar kwa sababu ya mapinduzi hayo hayo. Wengi walifika baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo. Kwao kasri si pambo. Huenda ni nyumba ya babu. Mchoraji akiichora kasri peke yake, kitabu kitanunuliwa kwa hamu ya kale, na mnunuzi atajiona amedanganywa kabla hajafika mbali. Akichora mapanga na moto, nani atakifungua?

Wafasiri nao walikumbana na jambo hili. Kwa Kifaransa riwaya iliitwa kwa mikarafuu ya Zanzibar. Kwa Kijerumani likaingia neno utumwa, pamoja na viungo. Kasri imetoweka kotekote.

Mimi ningemshauri auache mlango wa nakshi, na jahazi pia (vimekwisha kuchoshwa na majalada ya vitabu vya Zanzibar), amchore Kijakazi, mtumishi wa kasri. Utiifu wake kwa bwana anayemdhalilisha ndio unaomchoma msomaji, hata yule ambaye babu yake alikuwa na Kijakazi wake. Basi awe mbele, mkubwa, na kasri nyuma yake iwe ndogo kama kibiriti.

Limebaki jambo la dukani. Vitabu vya Kiarabu hufunguliwa kutoka kulia, kwa hiyo kitabu cha Kiswahili kikipangwa kati yao huweza kulazwa kifudifudi, mgongo ukawa ndio uso. Mchoraji asiuachie upande huo bei na sifa za mwandishi tu. Hapo aliandike jina la riwaya kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili kilivyoandikwa pwani kwa karne nyingi. Kijana wa Maskati asiyejua Kiswahili atalitambua neno kasri, kwani kwao ni "qasr", na atalitambua jina Fuad, ambalo maana yake ni moyo. Hilo la katikati, mwinyi, itambidi akamwulize bibi yake.