Simu Huona Jani, Haichimbi Muhogo

Msikilizaji, leo nakupeleka kwenye shamba la muhogo, ingawa ninachotaka kuzungumzia ni shule.

Mkulima wa muhogo mwenye simu janja anaweza kuishika juu ya jani, na programu iitwayo Nuru ikamwambia, kwa Kiswahili na bila intaneti, kama jani hilo lina ugonjwa wa batobato, lina ugonjwa wa michirizi ya kahawia, au ni zima. Hiyo ni akili mnemba, na ilikuwa mashambani kwetu kabla wanafunzi hawajaanza kuandikiwa insha na mashine.

Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya kuipima Nuru. Kwa kuangalia jani moja ilipatia asilimia 65. Maafisa ugani walipatia kati ya 40 na 58. Wakulima wenyewe, kati ya 18 na 31. Tusidanganyane basi. Kutambua dalili kwenye jani ni kazi ambayo afisa ugani aliisomea chuoni, na mashine imemzidi.

Lakini utafiti huohuo una jambo jingine, nami naliona ndilo zito zaidi. Nuru ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja, usahihi wake ulipanda ukafika kati ya asilimia 74 na 88. Simu ni ileile, programu ni ileile. Tofauti imeletwa na mtu anayejua kwamba dalili hazijitokezi sawasawa kwenye kila jani, kwa hiyo hatosheki na jibu la kwanza.

Tena kuna mahali ambapo kamera haifiki kabisa. Michirizi ya kahawia inaozesha muhogo ukiwa ardhini. Unaweza kukuta shina lenye majani ya kupendeza, ukilichimba na kuukata muhogo unaona ndani umejaa mabaka ya kahawia, mgumu, mkavu, haufai kwa chakula wala kwa soko. Na ugonjwa huu husafiri na pingili. Anayelijua hilo atachimba shina moja au mawili na kukata kwa kisu kabla hajachagua mbegu ya msimu ujao. Asiyelijua atasoma kwenye simu kwamba mmea ni mzima, atakata pingili, atamgawia na jirani.

Huyo mwenye kisu ndiye tunayemtaka shuleni kwetu, awe anasomea kilimo, uhasibu, uuguzi au ufundi umeme. Kila kazi kati ya hizo ina jani lake ambalo mashine italisoma haraka kuliko sisi, na ina muhogo wake uliofukiwa.

Nafasi ya kumwandaa tunayo. Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, imeleta elimu ya lazima ya miaka 10 na mkondo wa amali, yaani mafunzo ya kazi, sekondari, na vijana wa kwanza wa mkondo huo walianza kidato cha kwanza Januari 2024. Watamaliza kidato cha nne mwaka 2027. Naiunga mkono sera hii kwa moyo wote. Hofu yangu iko kwenye mtihani. Tukimfundisha kijana shambani na karakanani, kisha tukampima kwa swali la "taja dalili nne za batobato", tutakuwa tumempima kwa kile ambacho mashine hukitoa papo hapo. Yeye amekariri, nayo imekariri, na imekariri mengi kuliko yeye.

Napendekeza swali la aina nyingine. Mpeni mwanafunzi jibu lililoandikwa na mashine: ushauri wa shamba, hesabu za duka, barua ya kiofisi. Liwe limenyooka, linasomeka vizuri, lakini lina kosa ndani yake. Mwambieni aonyeshe kosa liko wapi, aeleze amelijuaje, kisha alisahihishe. Swali hilo halihitaji kompyuta. Linachapwa kwenye karatasi, na shule ya kata isiyo na umeme inalifanya sawa na shule ya mjini. Ila huwezi kulijibu kama hesabu huijui, au kama hujawahi kushika jembe. Ndiyo maana sikubaliani hata kidogo na wanaosema watoto wapunguziwe hesabu na lugha kwa kuwa simu itawafanyia.

Mwalimu naye asisahauliwe. Asiyewahi kuikamata mashine ikikosea hawezi kumfundisha mtoto kuikamata. Semina za walimu zitenge muda wa kufanya hivyo tu: kuiuliza mashine mambo ya somo lao na kuhesabu makosa yake.

Naiomba Wizara ya Elimu na Baraza la Mitihani waweke angalau swali moja la namna hii katika kila karatasi kabla ya vijana wale wa 2027 hawajaingia chumba cha mtihani. Na wewe mzazi unayenisikiliza, mtoto akikuonyesha jibu kwenye simu jioni ya leo, muulize amejuaje kwamba ni kweli. Usimruhusu aondoke mpaka akujibu.