Kadi Mkononi, Dirisha la Dawa Tupu

Juma hili ningependa tuzungumze juu ya bima ya afya. Nitaanzia mbali kidogo, huko Marekani, kisha tutarudi kwetu Mtendeli.

Katika jimbo la Minnesota ipo kampuni iitwayo UnitedHealth, iliyoanzishwa mwaka 1977. Mwaka 2023 mapato yake yalipita dola bilioni 370. Ukichukua pato zima la Tanzania kwa mwaka huo, jasho la wakulima, wavuvi, wachimba madini na makarani wote wa nchi hii, ukalizidisha mara nne, bado hulifikii fungu hilo. Na biashara yenyewe ni ipi? Ni kukusanya fedha za walio wazima na wagonjwa, kwa ahadi kwamba atakayeugua atalipiwa.

Lakini haikuishia hapo. Kampuni hiyo imekuwa pia na zahanati zake, madaktari wake, na shughuli kubwa ya kusimamia malipo ya dawa. Maana yake ni kwamba anayepokea mchango, anayetibu na anayepiga hesabu ya gharama wanaweza kuwa watoto wa baba mmoja. Februari 2024 wezi wa mitandao walipoingia katika kompyuta za Change Healthcare, mojawapo ya kampuni zake, maduka ya dawa nchi nzima yalihangaika kwa siku nyingi kujua ni nani alipiwe na bima na ni nani atoe fedha mfukoni.

Sasa, katika biashara ya namna hii, dola isiyotumika kumtibu mgonjwa ni dola iliyobaki kwa kampuni. Ndiyo sababu daktari wa Marekani mara nyingi hulazimika kuomba kibali cha kampuni kabla ya kufanya kipimo kikubwa au upasuaji, na jibu laweza kuwa hapana. Manung'uniko ni mengi mno. Mkuu wa tawi la bima la kampuni hiyo, Brian Thompson, alipouawa kwa risasi mjini New York Desemba 2024, wapo walioandika maneno ya kushangilia. Mimi naona aibu hata kuyataja, kwani mauaji ni mauaji. Hata hivyo hasira ile haikutoka hewani.

Liko jambo moja la Wamarekani ambalo hatuna budi kuliangalia kwa makini. Sheria yao ya mwaka 2010 inaitaka kampuni ya bima itumie kwa matibabu na kuboresha huduma si chini ya senti 80 katika kila dola ya mchango, na senti 85 kwa bima za waajiri wakubwa. Ikitumia pungufu, inawarudishia wanachama tofauti. Mwanachama anajua fungu lake limekwenda wapi.

Turudi nyumbani. Uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali ulianza mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulijaribiwa Igunga, na mwaka 2001 ukapata sheria yake. Mwaka huo huo Mfuko wa Taifa, NHIF, ulianza kazi kwa watumishi wa serikali, mchango ukiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa nusu kati ya mtumishi na mwajiri. CHF iliyoboreshwa ya mwaka 2018 iliweka shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na kadi ikapanda kutoka zahanati ya kijijini hadi hospitali ya mkoa. Kwa mtu wa Mtendeli hiyo ni Maweni, Kigoma mjini, zaidi ya kilomita 200. Nauli ya mgonjwa na msindikizaji haimo katika kadi.

Mtendeli ina historia yake katika jambo hili. Kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofunguliwa tena mwaka 2016 ilikuwa na huduma za afya zilizolipwa na wafadhili, na wenyeji wa jirani nao walipokelewa. Desemba 2021 kambi ilifungwa, wakimbizi waliobaki wakahamishiwa Nduta. Tiba ile ya bure iliondoka pamoja na malori. Mwenyeji akabaki na zahanati ya serikali na maneno ya afisa anayemhimiza ajiunge na bima.

Na mwenyeji huyo aliuliza swali la haki kabisa: nitoe elfu thelathini ili niandikiwe cheti nikanunue dawa dukani? Wengine huita huo ukaidi wa wanavijiji. Mimi siuiti hivyo. Mtu anayeuza gunia la maharage anajua thamani ya elfu thelathini kuliko anayemhimiza.

Lakini upande wa pili nao una hoja. Tukingoja kuugua ndipo tujiunge, mfuko utakufa. Ndilo lililoikumba Toto Afya Kadi ya NHIF: wazazi wengi walikata kadi kwa watoto waliokwisha kuugua, na mwaka 2023 utaratibu ule ukasimamishwa. Majirani zetu wa kusini magharibi mwa Uganda walilielewa hili zamani. Walikuwa na vyama vya machela, viitwavyo engozi, ambamo kila kaya ina zamu ya kumbeba mgonjwa hadi hospitali, na asiyebeba wenzake hana wa kumbeba. Hospitali ya Kisiizi ilivitumia vyama hivyo kuanzisha bima mwaka 1996, mwaka ule ule wa Igunga.

Novemba 2023 Bunge letu lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni jambo jema, na wasio na uwezo wamefikiriwa. Hata hivyo tuliona Machi 2024 jinsi mvutano wa bei kati ya NHIF na hospitali binafsi ulivyowaacha wanachama wenye kadi halali wakirudishwa mlangoni katika baadhi ya hospitali. Kwa hiyo kabla ya kumwomba mkulima fedha yake, zahanati ibandike ubaoni kila robo mwaka: kaya ngapi zimelipa, shilingi ngapi zimerudi kununua dawa, na dawa zipi hazipo. Mgambo asitumwe kuwasaka wasiolipa wakati ubao huo ni mtupu. Na makusanyo yafanyike watu wakiwa wameuza mazao, badala ya Januari wakati wa sare na madaftari ya watoto.