Njia za Mwanasayansi, Chuoni na Nje ya Chuo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



 Tumetakiwa tueleze njia zilizo wazi kwa kijana aliyesoma elimu ya sayansi, na swali hili si la mchezo. Katika nyumba nyingi za Kilwa na Lindi mna kijana aliyerudi na shahada yake ya miamba, au ya kemia, au ya viumbe vya baharini, naye ameketi barazani akingoja barua ya chuo kikuu. Ameambiwa ya kuwa mwanasayansi wa kweli ni yule afundishaye chuoni, na wengine wote ni watu waliokosa. Na upande wa pili, katika ofisi zetu, wamo watumishi waliosoma elimu hiyo hiyo, nao hudhani ya kuwa waliiacha siku ile walipopewa meza na faili. Sisi twaona ya kuwa wote wawili wamekosea, na makosa yao yaipotezea pwani yetu faida kubwa. Wala hatutaki mtukubali kwa maneno matupu. Tazameni mambo yaliyotendeka hapa hapa kwetu.

Tuanze na Tendaguru, kilima kilichoko bara ya Lindi. Mwaka 1906 Bernhard Sattler, injinia wa kampuni iliyotafuta madini, aliona mifupa mikubwa imetokeza juu ya ardhi. Mwaka 1907 akaja Eberhard Fraas wa makumbusho ya Stuttgart kuitazama. Kisha, tangu mwaka 1909 hata mwaka 1913, makumbusho ya Berlin yakaleta wataalamu, nao Werner Janensch na Edwin Hennig wakasimamia uchimbaji. Nchi ilikuwa bado na majeraha ya Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905. Mamia ya watu wa kwetu wakachimba, wakaifungasha mifupa, wakaichukua vichwani mpaka bandari ya Lindi. Uzito wake wote ulipita tani 200. Katika mifupa hiyo ndimo alimotoka yule dinosaria mkubwa aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, ambaye kimo chake leo chapita mita 13.

Sasa angalieni, mabwana, ni watu gani hao. Wa kwanza ni injinia wa kampuni. Wa pili na waliomfuata ni watu wa makumbusho. Na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye ustadi wake wa kuitambua mifupa, kuichimba na kuitengeneza ulitegemewa na wageni wale. Mfupa uliolala ardhini miaka milioni 150 huvunjika kama chapati kavu. Asiyejua pa kutia jembe na pa kutia brashi, elimu huimwaga chini. Je, kazi hiyo si sayansi? Sisi twasema ni sayansi, tena ya kiini chake. Lakini Boheti hakuwa na cheo cha mtaalamu, wala hakuandika kitabu, na jina lake likakaa ndani ya habari za wengine. Ilipofika mwaka 2007 ndipo mtaalamu Kristian Remes, alipoeleza namna mpya ya dinosaria wa Tendaguru, akamwita Australodocus bohetii kwa heshima yake. Hesabuni wenyewe: tangu 1909 mpaka 2007 ni miaka 98. Mwenzake Mohammadi Keranje, aliyeongoza uchimbaji wa shimo moja, alingoja zaidi. Ni mwaka 2019 tu dinosaria mwingine alipoitwa Wamweracaudia keranjei, jina linalowataja Wamwera na yeye pamoja.

Tena, makarani wenzetu, lipo jambo linalotuhusu sisi hasa. Iliwezekanaje watu wa mwaka 2019 kujua ni nani aliyelichimba shimo fulani zaidi ya miaka 100 iliyopita? Iliwezekana kwa sababu mashimo yalipewa herufi, na habari zake zikaandikwa na kutunzwa. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na elimu ni mali.

Tutoke Tendaguru, tuje Songo Songo, katika wilaya ya Kilwa. Gesi iligunduliwa huko mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kufika Dar es Salaam kwa bomba. Serikali ina shirika lake katika mambo haya, Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lililoanzishwa mwaka 1969. Labda mtu atauliza, elimu inaingiaje katika kutoboa kisima? Twajibu: katika udongo wa mfinyanzi uliolala chini ya Kilwa na Lindi yamo maganda ya viumbe vidogo vya baharini viitwavyo foraminifera, mengi yake hayazidi chembe ya mchanga. Kila zama zilikuwa na namna zake, hii ikitoweka na hii ikizuka. Basi udongo ukitoka kisimani, mtaalamu huuosha, huuchekecha, akautazama kwa hadubini, akasema: hapa tumefika katika mwamba wa zama fulani. Bila neno lake wachimbaji watatoboa kama mtu atembeaye gizani.

Katika watu wa elimu hiyo yumo Joyce Singano wa TPDC. Yeye hakuwa mwalimu wa chuo kikuu, alikuwa mtumishi wa shirika la umma kama walivyo wengi katika chumba hiki. Walakini maganda yale ya Kilwa na Lindi yana sifa moja ya ajabu: udongo umeyahifadhi vizuri hata hung'aa kama kioo, na kemia yake haikuharibika, nayo huweka habari ya joto la bahari ya zamani. Kwa hiyo, katika miaka ya 2000, Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzake walikuja wakashirikiana na Singano na wenziwe wa Shirika, wakatoboa visima vyembamba, si vya kutafuta gesi bali vya kutafuta elimu. Mwaka 2004 walichapisha habari za visima vya kwanza, na majina ya watu wa TPDC yamo pamoja na ya watu wa vyuo. Mwaka 2009, kwa maganda hayo ya pwani yetu, Pearson na wenzake walikadiria kiasi cha hewa ya ukaa iliyokuwamo angani miaka milioni 34 hivi iliyopita, zama zile barafu ilipoifunika Antaktika. Watu wa dunia nzima wanaochunguza tabianchi huisoma habari iliyotoka katika udongo wa Kilwa na Lindi.

Na tazameni malipo ya heshima. Foraminifera mmoja wa zama za Eosini alipoelezwa kwa mara ya kwanza, aliitwa Hantkenina singanoae, kwa jina la Joyce Singano. Boheti alingoja karibu miaka 100, naye alikuwa amekwisha kufa. Singano alilisikia jina lake angali yu hai. Chanda chema huvikwa pete, lakini ni afadhali pete ivikwe kidole kikiwa na uhai. Tofauti yao si ya akili. Tofauti ni kwamba huyu wa pili alisomeshwa, akapewa hadubini na cheo cha kitaalamu, na jina lake likaandikwa juu ya kazi yake.

Mfano wa tatu ni wa Kilwa Kisiwani. Neville Chittick aliajiriwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1957 kuwa mtunzaji wa mambo ya kale. Akaanza kuchimba Kilwa akiwa mtumishi wa ofisi. Mwaka 1961 akawa mkuu wa taasisi ya Waingereza ya kuchunguza historia na mambo ya kale Afrika Mashariki, na kitabu chake juu ya Kilwa, chenye juzuu mbili, kilitoka mwaka 1974. Kwa hiyo mtu huweza kuanza katika ofisi na kumalizia katika taasisi ya elimu. Mlango kati ya vyumba hivi viwili haukutiwa kufuli.

Wa nne ni wa wavuvi. Yuko samaki wa kale aitwaye silakanti, ambaye wataalamu waliamini ya kuwa alitoweka zama za dinosaria. Mwaka 1938, huko East London katika Afrika Kusini, alitambuliwa kuwa si wa kawaida na Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho madogo, ambaye hakuwa na shahada yo yote. Alimchora, akaandika barua kwa J. L. B. Smith, mwalimu wa kemia aliyependa elimu ya samaki, na samaki akaitwa Latimeria kwa jina la bibi yule. Mwaka 2003 samaki huyo alinaswa na wavuvi wetu katika bahari ya Kilwa. Habari za namna hii huanzia kwa mvuvi, zikafika kwa ofisa wa samaki, kisha kwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, na mwisho vyuoni. Ofisa wa wilaya akimwambia mvuvi, “Ondoka na samaki wako anayenuka,” mnyororo wote umekatika.

Basi, vijana, hizi ndizo njia, na kila moja ina bei yake. Chuoni mtu huwa na uhuru mkubwa wa kuchagua swali lake, lakini hupandishwa kwa shahada ya udaktari na kwa yale aliyoyachapisha. Safari ni ndefu na nafasi ni chache. Katika mashirika na taasisi za serikali, swali hutoka kwa nchi: gesi iko wapi, kwa nini samaki wamepungua, mikorosho ina ugonjwa gani, kama wanavyouliza kila siku wenzetu wa Naliendele huko Mtwara. Hapo jibu hutakiwa upesi, nalo aghalabu huandikwa katika taarifa ifungwayo kabatini. Katika kampuni huenda mshahara ukawa mnono, lakini mkataba una mwisho, na aliyoyagundua mtu ni mali ya kampuni. Katika makumbusho na mambo ya kale fedha ni kidogo, ila kazi hudumu baada ya mwenyewe. Na mwalimu wa sekondari anayewaonyesha watoto hadubini kwa mara ya kwanza, msimhesabu nje ya orodha hii.

Hatutaki kuficha ubaya uliopo. Tumewaona katika utumishi watu waliosomeshwa kwa gharama kubwa, kisha wakapewa kazi ya kuchukua karatasi kutoka meza hii mpaka meza ile, hata elimu ikawakauka. Tumewaona mafundi wa maabara ambao kazi yao imo katika kila ukurasa wa taarifa, na majina yao hayamo hata katika ukurasa wa shukrani. Hayo ndiyo mambo ya Boheti yanayorudiwa, na safari hii hatuna mgeni wa kumlaumu. Sisi wenyewe ndio tunaopanga majina na kuchapa taarifa.

Kwa hiyo tuna maneno matatu. La kwanza ni kwa kijana aliye barazani: usikatae kazi ya shirika au ya wilaya kwa kuwa haina jina la chuo. Iingie na daftari lako. Andika tarehe, mahali, kipimo, na nani alikuwapo. Tafuta mtu mmoja wa chuo uandikiane naye, kama Bibi Latimer alivyofanya.

La pili ni kwa wenzetu wakuu wa sehemu na makarani. Taarifa isitoke ofisini bila majina ya wote walioifanya kazi, kuanzia aliyechimba. Wengine watasema ya kuwa taarifa za serikali ni siri. Naam, siri itunzwe. Lakini si kila kitu ni siri, na ruhusa huombwa. Visima vile vya elimu vya Kilwa na Lindi visingalichapishwa kama hapangalikuwa na mtu wa kuomba na mtu wa kukubali.

La tatu ni kwa Chama chetu. Tunapokwenda kuzungumza na waajiri juu ya mishahara, tuzungumze pia juu ya ngazi. Fundi wa maabara aliyeonyesha ustadi apewe ruhusa ya kusoma, na akirudi asikute cheo chake kimechukuliwa. Mtaalamu apandishwe kwa utaalamu wake, asilazimishwe kuwa bwana wa mafaili ili mshahara uongezeke. Twaomba neno hili liandikwe katika kumbukumbu za mkutano wa leo, lisije likaishia katika makofi.

Mifupa ya Tendaguru imekwisha kwenda Berlin. Udongo wa Kilwa bado uko hapa, na bahari bado iko hapa. Ni juu yetu kwamba atakayefuata asingoje miaka 98.