Kazi Mkobani, Safari Njiani

Leo nazungumza nawe unayetafsiri, unayechora nembo au kuandika maneno ya sauti zilizorekodiwa kwa wateja wa intaneti, huku ukiwa safarini.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi huumia. Fiverr, jukwaa la kuuza kazi mtandaoni, hukata asilimia 20 ya malipo ya muuzaji. Kazi ya dola 50 inakuachia 40, na kwa muuzaji wa kawaida fedha hizo husubiri siku 14 baada ya kazi kukamilika ndipo zitolewe. Kwa hiyo chumba cha wiki hii hakilipwi na kazi ya wiki hii. Nakusihi, usifunge mkoba bila akiba ya angalau mwezi mmoja.

Saa nazo zina mambo. Mteja wa New York akitaka kuzungumza saa tatu asubuhi kwake mwezi Julai, Mombasa ni saa kumi jioni. Ikifika Januari, ni saa kumi na moja. Na saa hizo ukiwa kwenye treni ya alasiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi, mtandao unaweza kukukatikia katikati ya mbuga ya Tsavo. Tuma kazi kabla hujapanda.

Jihadhari pia na matapeli. Anayekudai ada ili akupe kazi, mwache. Anayetaka mlipane nje ya jukwaa, mkatalie: akitoweka, huna pa kushtaki.

Na ukienda nchi nyingine, viza ya matembezi si lazima ikuruhusu kufanya kazi, hata ya mteja aliye mbali. Uliza ubalozini kabla ya kukata tiketi.