Tumlinde Anayefichua Khiyana

Kila sifa njema inamstahikia Allah, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Maswahaba zake. Ammaa ba'd:

Ndugu Waislamu, wengi wa wanaobeba amana misikitini mwetu hawalipwi ujira. Mweka hazina, wagawaji wa Zaka, wasimamizi wa ujenzi wa madrasa, hao hujitolea fii sabiilillaah. Sasa mmoja wao akiona mchango wa mayatima umeingia mfukoni mwa mtu, akasema, huwaje? Huitwa mleta fitna. Huondolewa katika kamati, na hata salamu yake huitikiwa kwa shida. Kwa kuwa hana mkataba wala mshahara wa kudai, hudhaniwa hana haki yoyote.

Dhana hiyo ni batili, mbele ya sharia ya Allah na mbele ya sheria ya nchi.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, yahusu madeni na kuandikiana. Humo Allah (S.W) amekataza mwandishi na shahidi kudhuriwa, na kuwadhuru akakuhesabu kuwa ni ufasiki. Wafasiri wametaja pia maana ya pili, kwamba mwandishi na shahidi wenyewe wasimdhuru mtu kwa uongo. Maana zote mbili tunazihitaji hapa. Aya inayofuata imekemea kuficha ushahidi.

Wako wanaosema: "Huko ni kusengenya." Imam An-Nawawi, katika Riyaadhus-Swaalihiin, ametaja hali sita zinazoruhusu kumsema asiyekuwepo, zikiwemo kushitaki dhulma na kutaka msaada wa kuondoa munkari. Na Ibn Al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya Zaka, aliporudi na kudai kuwa sehemu ya mali ni zawadi aliyopewa yeye, Mtume (S.A.W) alipanda minbari akalikemea jambo hilo hadharani.

Ama serikali, Tanzania ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1998, imewalinda wafanyakazi, na anayejitolea bila ujira kwa kawaida hubaki nje. Sheria yetu imetaja mtu yeyote, basi anayejitolea naye yumo. Lakini ina masharti: taarifa itolewe kwa nia njema, kwa maslahi ya umma, na ipelekwe kwa mamlaka husika, wizi kwa Polisi, rushwa kwa TAKUKURU. Anayeipeleka barazani badala ya huko hajaifuata njia hiyo.

Sheria haiwezi kumlazimisha mtu kuitikia salamu. Hilo ni juu yetu. Na kamati ziandike katika kanuni zao kwamba mtoa taarifa haondolewi kabla ya uchunguzi kukamilika na hesabu kusomwa mbele ya waumini, na kwamba mtuhumiwa hawi mchunguzi. Misikiti yenye mkutano mkuu karibuni iliweke jambo hili katika ajenda.

Wabillaahit-tawfiiq.