Kilo 10 kwa Siku 10

Kama una simu na umo kwenye kundi lolote la ujirani mtandaoni, tangazo hili umeshakutana nalo: chai ya kukata tumbo, kilo 10 kwa siku 10, mteja wa Dar analetewa mlangoni, wa mikoani anatumiwa kwa basi. Chini yake kuna picha mbili, moja ya kitambi, nyingine ya kiuno cha nyigu. Sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki. Ugomvi wangu ni na hesabu yake.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya takriban kalori 7,700. Mtu mzima hutumia kalori 2,000 hadi 2,500 hivi kwa siku, kulala na kufanya kazi vyote pamoja. Sasa tuseme amefunga mdomo, hatii kitu ila maji kwa siku zote 10. Atakuwa ameunguza mafuta ya kilo 3 hivi, basi. Zile 7 nyingine zitatoka wapi? Kama zitatoka, ni maji, ni kinyesi, ni misuli. Baadhi ya chai hizi huwa na sanamaki, majani ya kuharisha ambayo bibi zetu waliyajua vizuri, ila wao walimpa mtu aliyefunga choo, na kwa siku moja. Mizani inashuka, mteja anapiga picha. Akirudi kula na kunywa, uzito nao unarudi.

Na kuharisha ndiyo afadhali. Kulikuwa na dawa ya kuzuia hamu ya kula iitwayo sibutramini. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani baada ya kuonekana kuwa inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuwa zikiikuta imefichwa ndani ya vidonge na vinywaji vilivyoandikwa kwamba ni mitishamba mitupu.

Tuna haraka ya nini? Huku kwetu unene haujawahi kuwa aibu. Mtu akirudi kijijini amejaa mashavu ataambiwa mji umemkubali, na kitambi cha bwana mkubwa ni nusu ya cheo chake. Wembamba ndio uliotutisha. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 katika Mkoa wa Kagera, na ng'ambo ya mpaka Uganda ambako UKIMWI uliitwa Slim, wanakumbuka kukonda kulikuwa na maana gani. Hofu ile haijaisha. Leo shangazi yako akipungua kilo chache tu, watu wanaanza kunong'ona. Wakati huohuo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na presha na kisukari havisubiri mitaa iache kunong'ona.

Kasi inayokubalika na wataalamu ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo nne na nusu, yaani asilimia 5 tu, presha na sukari mara nyingi huanza kuitikia. Bado nguo ni zilezile, bado jirani hajaona kitu. Kwangu mimi hiyo ni faida: hakuna wa kumjibu maswali.

Chakula cha kufanyia kazi hiyo kipo jikoni tayari. Ushauri wa kawaida ni kwamba nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe ugali au wali, robo iwe maharage, samaki au dagaa. Sisi tumezoea kinyume: ugali umejaa sahani, mchicha ni wa kutowelea tonge. Ugali hauna kosa, hasa wa dona, ambao pumba yake haijaondolewa na hukaa tumboni zaidi kuliko sembe. Ni wingi wake. Maharage, kunde na choroko nazo zinashibisha na kulinda misuli, na bei yake haitishi kama ya nyama.

Lakini vitabu vya lishe vinachosahau ni kwamba wengi wetu hatuli kwenye sahani ya peke yetu. Ukila sinia moja na watu wanne, robo yako ni ipi? Na ukinyanyuka mapema, mwenye nyumba anahamaki akidhani umeona chakula si kizuri. Ninachoshauri ni kuanza na kachumbari na mboga, matonge yawe madogo, na umalizie kwa maongezi badala ya wali wa ukoko. Na mwenye kupakua aambiwe. Mara nyingi anayetakiwa kupungua siye anayeshika mwiko, na anayeushika anapima mapenzi kwa ukubwa wa chano.

Mafuta ya kupikia ndipo pengi pa kuokoa. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori karibu 120, na sisi tunamimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Pima kwa kijiko, hutaamini. Watu wa pwani mnalijua tui la kwanza na la pili. Samaki wa nazi anapikika kwa la pili, na la kwanza likatiwa kidogo tu mwishoni kwa ajili ya harufu. Chipsi mayai iwe ya mara mojamoja. Soda ya mililita 350 hubeba sukari ya karibu vijiko 9 vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu anayekula kalori 2,000, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Hizo 25 ni vijiko 6 hivi. Na chungwa, ulile zima, usilikamue.

Usijinyime kupita kiasi. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota nchini Marekani, vijana 36 walijitolea katika utafiti kula takriban nusu ya chakula walichozoea kwa miezi sita. Walidhoofika, wakawa na hasira, na baadhi wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Anayeruka chai ya asubuhi na chakula cha mchana anajua saa 11 jioni inavyokuwa akipita kwa muuza chipsi. Na kupungua kwa kasi sana kunaongeza uwezekano wa kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula kabla ya kumwona daktari, maana dozi ileile juu ya chakula kidogo inaweza kumwangusha. Mjamzito na anayenyonyesha nao wazungumze kwanza na kliniki. Na wewe ambaye hujabadili chochote, unakula kama kawaida, lakini mkanda wa suruali umesogea matundu mawili, usishangilie: nenda kapime kifua kikuu, sukari na virusi vya UKIMWI wiki hii.